Kobalti inahesabiwa kwa tani. Na uhai wa udongo wa Fungurume je?

Tangu tarehe 22 Februari 2025, siku Kinshasa iliposimamisha usafirishaji wa kobalti kwenda nje, hakuna mkaaji wa Lualaba asiyejua neno quota. ARECOMS, mamlaka inayosimamia soko la madini ya kimkakati, ilifungua tena mlango tarehe 16 Oktoba 2025, lakini kwa kipimo: tani 18,125 hadi mwisho wa mwaka ule, kisha tani 96,600 kwa mwaka 2026 na tani 96,600 kwa mwaka 2027. Kila kampuni ilipewa fungu lake. Kila tani inapaswa kuwa na karatasi yake.

Ni vema hivyo. Nchi inayotoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia haiwezi kuacha mali yake itoke bila hesabu. Lakini kule Fungurume, kwenye barabara ya Likasi kwenda Kolwezi, ambako kampuni ya Tenke Fungurume Mining (TFM) inatoa shaba na kobalti tangu mwaka 2009, kuna mali nyingine isiyoingia katika quota, wala katika redevance, wala kwenye mizani ya kiwanda. Mali hiyo ni udongo wa juu, ule wa kulimia, wenye kina cha jembe. Na ndani ya udongo huo mnaishi viumbe ambao bila wao maharagi hayajazi: bakteria.

Maoni yetu ni haya. Wakati umefika uhai wa udongo wa mashamba ya Fungurume upimwe kila mwaka, kwa gharama ya wale wanaochimba, na matokeo yatangazwe kwa lugha ambayo mlimaji anaielewa. Sayansi ya kufanya kazi hiyo ipo. Sheria ya kuidai ipo pia.

Wafanyakazi wasioonekana

Gramu moja ya udongo mzuri, kiasi cha kukaa kwenye ncha ya kijiko, inaweza kuwa na bakteria mamia ya mamilioni, hata bilioni. Wengine huozesha majani na mabua ya mahindi na kuyarudisha shambani kama chakula. Wengine hufungua fosforo iliyofungwa ndani ya mawe madogo. Wengine hutoa utelezi unaoshikanisha punje za udongo, ili mvua ya Januari isiuchukue wote hadi bondeni.

Kisha kuna wale wanaoitwa rizobia. Hao huingia katika mizizi ya maharagi, karanga na soya, wakajenga humo vinundu vidogo. Ndani ya vinundu hivyo hushika azoti (nitrojeni) ya hewani na kuigeuza chakula cha mmea. Kwa mama wa Fungurume asiye na pesa za kununua gunia la mbolea, rizobia ndio kiwanda chake cha mbolea. Hawadai mshahara na hawafanyi mgomo. Lakini wanaweza kufa, na wakifa hakuna anayepiga kelele. Mlimaji anaona tu kwamba majani ya maharagi yamekuwa ya manjano na mavuno yamepungua. Atasema ni mvua, au ni mbegu mbaya, au ni mkono wa mtu.

Chembe ndogo, swali kubwa

Kwa zaidi ya miaka ishirini wanasayansi wa nchi tajiri wamekuwa na wasiwasi juu ya vitu vinavyoitwa chembe za nano. Nanometa moja ni sehemu moja ya bilioni ya meta. Chembe ya nano ina ukubwa wa nanometa 1 hadi 100, wakati unywele mmoja wa mtu una upana wa nanometa 80,000 hivi. Viwanda hutengeneza chembe hizo kwa makusudi: za madini ya fedha kwa nguo zisizonuka, za titani kwa rangi na mafuta ya kujikinga na jua, za zinki na shaba kwa dawa za mimea, na nyingine kwa betri. Zikishatumika, sehemu yake huishia katika maji machafu na takataka, na mwisho wake ni udongo. Mwaka 2004, vyama viwili vikubwa vya wanasayansi na wahandisi vya Uingereza, Royal Society na Royal Academy of Engineering, vilishauri kwamba chembe hizo zisiachwe kuingia katika mazingira kadiri inavyowezekana, mpaka zieleweke zaidi.

Kwa nini udogo uwe hatari? Chukua donge la chumvi na kijiko cha chumvi iliyosagwa, uvitie vyote majini. Iliyosagwa inayeyuka kwanza, kwa sababu maji yanaigusa pande nyingi zaidi. Ndivyo ilivyo kwa metali. Chembe ndogo sana ya shaba, zinki au kobalti hutoa ioni kwa haraka, yaani metali iliyoyeyuka ambayo bakteria anainywa pamoja na maji. Ndani ya bakteria, ioni hizo hukaa mahali pa madini ambayo mwili wake unayahitaji, huharibu vimeng'enya vyake, na kuzalisha sumu za oksijeni zinazochoma utando wake na DNA yake. Na chembe zenyewe zinaweza kung'ang'ania utando wa bakteria na kuuvuruga.

Haya si maneno matupu. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani, wengi wao wa Chuo Kikuu cha California kule Santa Barbara, walipanda soya katika udongo uliochanganywa na chembe za nano za oksidi ya seriamu. Katika kipimo cha juu, kazi ya kushika azoti katika vinundu vya mizizi ilikaribia kusimama kabisa.

Mwaka 2016 ukaja utafiti mwingine, na huo unatugusa sisi moja kwa moja. Wanakemia wa vyuo vikuu vya Minnesota na Wisconsin-Madison walichukua poda ya nano inayotumika ndani ya betri za litiamu, yenye nikeli, manganizi na kobalti, wakaiweka pamoja na bakteria aitwaye Shewanella oneidensis, ambaye jamii yake huishi katika udongo na matope. Bakteria walipunguza kukua na kupumua. Walipotafuta chanzo, waligundua kwamba kilichowaumiza zaidi ni ioni za nikeli na kobalti zilizotoka katika poda ile.

Tusome tena sentensi hiyo ya mwisho tukiwa Fungurume. Kobalti inayotoka kwa TFM kama hidroksidi ndiyo aina ya mali inayosafishwa nje na kugeuzwa poda za betri. Kule inakofika, wanasayansi wenye maabara nzuri wanauliza: gramu chache za kobalti hii zikianguka katika udongo, bakteria watapatwa na nini? Ni swali zuri. Lakini jibu walilopata linaonyesha kwamba bakteria haulizi kama kobalti imetoka kwenye chembe ya kisasa, au kwenye vumbi la lori, au kwenye maji ya mahali pa kuoshea mawe, au kwenye basini ya mabaki iliyopasuka. Ioni ni ioni. Tena moshi wa tanuru na vumbi la mashine za kusaga mawe vina chembe ndogo za ukubwa wa nano pia, ingawa hakuna aliyezitengeneza kwa makusudi.

Kwa hiyo swali linaloulizwa Minnesota kwa gramu, huku kwetu ni la kuuliza kwa tani.

Somo la Woburn

Mtu anaweza kusema: kama kungekuwa na shida, tungekwisha kuiona. Mfano wa Uingereza unajibu. Kule Woburn, katika mashamba ya majaribio yanayohusiana na kituo cha Rothamsted, watafiti walianza mwaka 1942 kuweka shambani tope la maji machafu ya mji kama mbolea. Tope lile lilikuwa na zinki, shaba, kadimiamu na metali nyingine. Mwaka 1961 waliacha kuliweka. Katika miaka ya 1980, zaidi ya miaka ishirini baadaye, wenzao walichunguza udongo ule. Walikuta kwamba mmea uitwao klova, ambao nao hutegemea rizobia kama maharagi yanavyotegemea, ulikua vibaya katika sehemu zilizopewa tope. Vinundu vilikuwapo, lakini havikufanya kazi. Rizobia wazuri walikuwa wamepotea, wakabaki wale wasioshika azoti.

Hapo kuna mambo mawili ya kukumbuka. La kwanza, metali haiozi. Dawa ya wadudu inaweza kuvunjika baada ya miezi au miaka, lakini shaba iliyoingia shambani leo itakuwapo wakati wajukuu wetu watakapolima. La pili, madhara yalionekana wakati wale waliosababisha hawakuwa tena kazini. Machimbo yana mwisho wake. Shamba halikupangiwa mwisho.

Ulaya imejifunza. Huko walimaji wa zabibu wamenyunyizia shaba tangu karne ya 19 ili kuzuia ukungu wa mimea. Tangu mwaka 2019, Umoja wa Ulaya umeweka mpaka: shaba isipite kilo 28 kwa hektari moja katika miaka 7. Tufanye hesabu. Udongo wa juu wa hektari moja, wenye kina cha sentimeta 20, una uzito wa tani 2,600 hivi. Kilo 28 zikigawanywa humo ni kama miligramu 11 katika kila kilo ya udongo. Ndicho kiasi ambacho Ulaya imeona kinatosha kuwekewa sheria kwa kipindi cha miaka 7. Nani anaweza kumwambia mlimaji wa pembezoni mwa Fungurume shamba lake limepokea miligramu ngapi katika miaka 7 iliyopita?

"Udongo wetu umeizoea shaba"

Kuna jibu ambalo husikika kila mara mazungumzo haya yanapoanza: Katanga ni nchi ya shaba, udongo wetu umezaliwa nayo, hakuna kipya. Jibu hilo lina ukweli nusu, na ukweli nusu unadanganya kuliko uongo.

Ni kweli kwamba vilima vya shaba vya Fungurume ni vya ajabu. Katika udongo wake shaba inahesabiwa kwa maelfu ya miligramu kwa kilo, wakati udongo wa kawaida una makumi tu. Miti mingi haiwezi kuota juu yake, ndiyo maana vilima hivyo vinaonekana vipara katikati ya msitu wa miombo, na wachimbaji wa zamani walivitambua kwa macho. Mimea inayomea pale imezoea kwa maelfu ya miaka. Haumaniastrum katangense, lile linaloitwa ua la shaba, linajulikana na wanasayansi wa dunia nzima. Na bakteria wa vilima hivyo wamezoea pia, kizazi kwa kizazi.

Lakini hakuna anayelima maharagi juu ya kilima cha shaba. Watu wanalima chini, katika udongo mwekundu wa miombo na kandokando ya mito na dembo, mahali ambapo shaba ni kidogo na bakteria hawakuzoea chochote. Kuwa jirani ya kilima si kuwa kilima. Vumbi, maji na mabaki yanapohamisha metali kutoka juu kwenda shambani, yanaipeleka kwa viumbe wasio na kinga.

Na ua la shaba lenyewe ni shahidi wa jambo jingine. Katika Katanga limekutwa likimea juu ya maeneo ambako wafua shaba wa kale, karne nyingi kabla ya Wazungu kufika, waliyeyusha mawe yao. Mafundi wale walikuwa wachache, na tanuru zao zilikuwa ndogo za udongo. Hata hivyo ardhi ingali inakumbuka shaba yao hadi leo. Kama tanuru ndogo imeacha alama ya karne nyingi, kiwanda cha leo kitaacha alama gani?

Wengine wanasema: bakteria watazoea tu. Ndiyo, wanaweza kuzoea. Mwaka 2019 wanasayansi walionyesha kwamba Shewanella yule yule, akiishi muda mrefu pamoja na poda ya betri, huota ukinzani. Lakini bakteria aliyebaki hai si lazima awe bakteria anayefanya kazi tunayoihitaji. Woburn imetuonyesha hivyo. Kuna hatari nyingine pia: kinga dhidi ya shaba mara nyingi huenda pamoja na kinga dhidi ya dawa. Mwaka 2005 watafiti wa Denmark walieleza kwamba katika shamba lililotiwa shaba, bakteria wa udongo waliozoea shaba walikuwa pia wagumu zaidi kuuawa na antibiotiki. Katika jimbo ambalo mgonjwa mara nyingi hununua vidonge bila karatasi ya daktari, hilo si jambo la walimaji peke yao.

Asidi ndiyo inayofungua mlango

Haitoshi kujua shaba ni kiasi gani. Lazima kujua pia udongo una asidi kiasi gani. Katika udongo usio na asidi nyingi, shaba na kobalti hufungwa na udongo na mboji, na bakteria hupata nafasi ya kupumua. Asidi ikipanda, metali ile ile, bila kuongezwa hata gramu moja, inafunguka na kuwa ioni. Ndiyo maana viwanda hutumia asidi kutoa shaba katika mawe: kinachofanya kazi kiwandani, shambani kinaua.

Mwezi wa Machi 2024, mashirika RAID na AFREWATCH yalitoa ripoti juu ya maji kandokando ya machimbo makubwa ya Lualaba, TFM ikiwa mojawapo. Yalieleza juu ya mito yenye asidi, na wakaaji waliosema mavuno yao yamepungua. Baadhi ya kampuni zilizotajwa zilikataa mashtaka hayo. Hatutaki hapa kuwa mahakama. Lakini tunaona kwamba mabishano ya namna hiyo hayatakwisha mradi kila upande una maneno yake na mlimaji hana namba zake. Na tarehe 18 Februari 2025, ng'ambo ya mpaka, bwawa la mabaki la kampuni ya Sino-Metals Leach kule Chambishi, Zambia, lilipasuka na kumwaga maji ya asidi yaliyofika hadi mto Kafue. Ukanda wa shaba ni mmoja. Mpaka uliochorwa na wakoloni hauzuii asidi.

Kurekebisha ni kazi ndefu. Lubumbashi inajua. Moshi wa kiwanda cha kuyeyusha shaba kilichoanza mwaka 1911 uliacha karibu nacho ardhi tupu, ambako nyasi zenyewe zilikataa kuota. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, wakiwa na wenzao wa Gembloux kule Ubelgiji, wamefanya majaribio pale Penga Penga: walitia chokaa na mboji, wakapanda nyasi zinazovumilia shaba, hasa Microchloa kunthii. Nyasi zilishika. Ni kazi ya kujivunia, na ilifanywa na watoto wa nchi hii. Lakini ni miaka ya kazi kwa viwanja vidogo, na mwisho wake ni nyasi za kuzuia vumbi, si maharagi. Ni afadhali kupima sasa kuliko kupanda nyasi za kutubu baadaye.

Tunachodai

Hatusemi machimbo yafungwe. Nusu ya kartie za Fungurume zinakula kwa kazi ya machimbo, iwe kwa mshahara wa kiwanda, iwe kwa biashara ndogo, iwe kwa kazi ya wachimbaji wa mikono. Na hao wachimbaji wa mikono pia wanaosha mawe mitoni; nao wamo katika hesabu hii. Tunasema tu kwamba mtu anayelima kando ya machimbo ana haki ya kujua shamba lake lina hali gani.

Kwa serikali: Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 juu ya mazingira inakubali kanuni kwamba anayechafua ndiye anayelipa. Code minier, iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018, inataka kila kampuni iwe na uchunguzi wa athari kwa mazingira na jamii (EIES) na mpango wa kuzisimamia (PGES). Mara nyingi watu wanapozungumza juu ya mipango hiyo, wanazungumza juu ya maji, hewa na vumbi. Tunaiomba Agence Congolaise de l'Environnement na idara ya Wizara ya Madini inayolinda mazingira ya machimbo zidai pia uhai wa udongo. Vipimo si siri ya maabara za Marekani: asidi ya udongo, shaba na kobalti zinazoyeyuka, kiasi cha hewa ambacho udongo unapumua, na hesabu ya vinundu katika mizizi ya maharagi. Vipimo vitatu kati ya hivyo havihitaji mashine za bei kubwa.

Kwa kampuni: kabla vilima vya Fungurume havijakatwa, mbegu za mimea ya shaba zilikusanywa na mimea mingine ikahamishwa kwa msaada wa wanasayansi, na kazi hiyo ilisifiwa. Sawa. Ua la shaba lilistahili. Na shamba la mama linastahili pia. Kama vipimo vya uhai wa udongo vimekwisha kufanywa, vitolewe hadharani. Kama havijafanywa, vianze, na vifanywe na Chuo Kikuu cha Lubumbashi na cha Kolwezi, si na mtu aliyechaguliwa na anayepimwa.

Kwa viongozi wa Fungurume na wa jimbo: tangu mwaka 2018, redevance ya madini inagawanywa hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa entité ya mahali machimbo yalipo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kobalti, kwa kuwa imetangazwa kuwa madini ya kimkakati, inalipiwa asilimia 10. Maabara ndogo ya udongo haimalizi pesa hizo. Na kama mfuko wa vizazi vijavyo una maana, basi hakuna kitu cha vizazi vijavyo kuliko udongo.

Kwa wafanyabiashara wa pembejeo: mbolea za nano zimekwisha kuingia sokoni nje. India ilianza kuuza urea ya nano mwaka 2021. Siku bidhaa hizo zitakapofika soko la Kolwezi, tunataka karatasi iseme wazi kilichomo, na kwamba imejaribiwa katika udongo wenye shaba kama wetu. Chembe za zinki au shaba zinazosaidia shamba lisilo na metali zinaweza kuwa tone linalomwaga pipa kwa shamba lililokwisha kujaa.

Na kwa walimaji, kuna mambo yasiyongoja Kinshasa. Maharagi yanapotoa maua, ng'oa mashina kumi sehemu mbalimbali za shamba, polepole, pamoja na udongo. Tafuta vinundu, ukate kimoja kwa wembe. Kikiwa chekundu au cha waridi ndani, rizobia wanafanya kazi. Kikiwa cheupe, kijani au kahawia, au kama hakuna kinundu hata kimoja, kuna jambo. Shimo jingine la maarifa: zika vipande vya kitambaa cha pamba tupu katika mashamba mawili, moja karibu na machimbo na moja mbali, uvifukue baada ya miezi miwili. Udongo hai hula pamba. Udongo uliochoka huirudisha karibu nzima. Shule zetu zinaweza kufanya hivyo na kuandika matokeo mwaka kwa mwaka. Tia samadi, mboji na chokaa pale asidi ilipo kali. Usilete mawe ya mabaki au udongo wa remblai shambani, hata kujaza shimo. Na usimwagilie lengalenga kwa maji yanayotoka machimboni, hata yakionekana safi kama ya chupa.

Vipimo hivyo vya kijijini havitatosha mahakamani, tunajua. Lakini orodha ya miaka mitano iliyoandikwa na walimaji wenyewe, kijiji kwa kijiji, ni vigumu kuitupa mezani siku EIES itakapopitiwa upya. Wakati huo, mbele ya kampuni na mbele ya serikali, mtu wa Fungurume asije na malalamiko tu. Aje na daftari.